Mafuta Mekundu ya Kamili

Jumatano, 6 Juni 1984

Mtoto amekufa. Wa kiume. Zipora yuko hai, wamempasua jana jioni, amelala. Nimeandika hayo kwanza ili nisiyazunguke.

Niko Geita, benchi la nje ya wodi. Karatasi nimeiomba kwa karani.

Jana saa nne asubuhi Mabula alimleta mkewe Zipora zahanati kwa baiskeli. Uchungu tangu juzi. Nikampima – mkono wa mtoto umetangulia. Mimi ni mkunga mwaka wa kumi na nane, mkono ukitangulia hakuna cha kungoja. Landrova ya wilaya iko juu ya mawe tangu Pasaka. Likabaki gari langu. Gari la marehemu mume wangu, Kamili.

Tukatoka Kharumwa saa tano. Mabula kiti cha nyuma, kichwa cha mkewe mapajani. Lilikwenda vizuri mpaka tukapita nusu ya njia. Halafu kwenye mwinuko injini ikaanza kunguruma kama inakimbia, na sisi tunatambaa. Nikakanyaga zaidi. Mlio ukazidi, mwendo ukapungua. Likasimama. Injini haikuzima – inawaka, inapiga kelele, gari halisogei. Kama ng'ombe aliyelala na nira shingoni. Gari hili halina klachi. Gia inajibadili yenyewe, una mkono mmoja tu wa kusogeza kwenye herufi. Nikausogeza mbele, nyuma, mbele. Hakuna kitu.

Tulikaa saa mbili na nusu pale juani. Zipora hakulia. Aliniuliza tu, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, tunaondoka?" Nikamjibu tunaondoka. Sijui nilimjibu hivyo mara ngapi.

Lori la pamba likatokea, dereva akatupandisha juu ya magunia. Tulipofika daktari alimpima Zipora. Aliangalia saa yake, kisha akaniangalia mimi.

Ijumaa, 8 Juni

Gari limerudi Kharumwa. Limevutwa na ng'ombe wanne – ng'ombe wa Mabula! Alimzika mwanawe Geita, akamwachia mama yake kazi ya kumuuguza Zipora, akarudi kufunga nira. Siku moja na nusu njiani. Alipofungua minyororo akaniambia:

"Mama Euphrasia, asante kwa kutuhangaikia."

Asante. Ningependa anitukane. Mtu anikamate kanga anitikise. Lakini yeye, asante.

Alipoondoka nikatandika gunia nikaingia chini ya gari. Miaka yote sijawahi kuingia chini yake, hiyo ilikuwa kazi ya Kamili. Tumbo lote limelowa kitu chekundu, chembamba, kinateleza, kimeshika vumbi mpaka limekuwa uji. Naona kama kinatoka sehemu ya gia. Na pale chini kuna bakuli kubwa la chuma limebonyea, kama limepigwa na jiwe.

Jumamosi iliyopita ni nani aliyelichukua gari hili? Donatus. Mdogo wake Kamili. Alikuja na maneno matamu, shemeji niazime, nina mizigo yangu Mwakitolyo kwenye mashimo, kesho asubuhi limerudi. Likarudi. Funguo akamtuma mkewe. Nikajiuliza kwa nini hakuja mwenyewe. Sasa najua! Njia ya machimboni ni mawe matupu. Amegonga jiwe, amenyamaza, akaniachia nibebe mama mwenye uchungu.

 Nimeikandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka.

Jumapili, 10 Juni

Nimefanya. Sijutii.

Baada ya misa watu bado wamesimama kwenye uwanja wa kanisa. Donatus na shati lake jeupe anasalimia huku na huku. Nikamwendea.

"Ulipiga gari jiwe ukanyamaza."

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. "Shemeji, salamu kwanza. Jiwe gani? Gari lina miaka ishirini na mitano hilo. Limechoka."

"Lilichoka mikononi mwako. Mtoto wa Mabula umemuua wewe. Wewe ni muuaji."

Nilisema kwa sauti. Wote wakageuka. Mkewe, Serafina, akainamisha kichwa akamvuta mtoto wao. Donatus akabadilika rangi. Akasema gari ni la ukoo, angetaka kuliharibu angeliharibu zamani, na mwanamke asiye na mtu wa kumwambia nyamaza mwisho wake ndio huu.

Nimerudi nyumbani peke yangu. Hakuna aliyenisindikiza. Sawa.

Jumanne, 12 Juni

Kuna jambo sijaliandika. Naliandika leo.

Jumatatu ile, siku moja kabla ya safari, niliona doa jekundu uani chini ya gari. Jumapili tulichinja kuku palepale. Nikajisemea damu ya kuku. Nikachota jivu nikamwagia.

Lakini nilichovya kidole kwanza. Kiliteleza. Damu haitelezi vile, na mimi kazi yangu ni damu.

Nilikuwa na haraka, kliniki ya watoto ilikuwa inangoja. Basi.

Alhamisi, 14 Juni

Shinyanga. Nimekuja na basi la alfajiri kutafuta fundi. Nimezunguka gereji nne na zote zimenicheka.

Wa kwanza: "Mama, hiyo isiyo na klachi hatufungui. Ukiifungua hairudi." Wa pili akasema nisiliguse chini, nipake sabuni ya mche panapovuja. Sabuni! Nikamuuliza kama mkewe akivuja damu atampaka sabuni. Wa tatu anataka kung'oa gia boksi nzima aweke ya lori. Wa nne hakunijibu, aliongea na mwanamume aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akidhani ndiye mwenye gari. Hatujuani hata.

Mwuza vipuri mmoja, mama mtu mzima, ndiye aliyenihurumia. Akaniambia nenda Ngokolo, umwulize Mzee Cornel, alikuwa gereji ya mgodi Geita kabla haujafungwa.

Nimemkuta nyuma ya nyumba anapiga msasa jiko la mkaa. Mzee mwembamba, sikio la kushoto halisikii.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sema upande huu."

Nikamweleza gari. Akaacha msasa. "La Kiingereza, jeusi, la mwaka hamsini na tisa? Lenye taa moja ya njano?" Akalijua! Lilikuwa la mzungu wa mitambo. Mgodi ulipofungwa, sitini na sita, mzungu akamwachia dereva wake. Dereva wake ndiye Kamili. Mzee Cornel alikuwa hajui kama Kamili amefariki. Akajifuta mikono muda mrefu.

Kisha akaanza kunigombeza mimi. Unapima mafuta ya gia lini? Injini ikiwa inawaka au imezimwa? Nikasema mafuta ya injini napima kila wiki. Akasema, "Sikuulizi injini. Gia ina mafuta yake. Mekundu. Bila hayo haishiki kitu, hayo mafuta ndiyo klachi yake."

Sikujua. Naliendesha miaka miwili peke yangu, na sikujua gia ina mafuta yake.

Anakuja Jumamosi. Mafuta mekundu hayapo Shinyanga nzima, lakini yeye ana galoni mbili kafukia chini ya kitanda.

Jumamosi, 16 Juni

Mzee Cornel amefika na sanduku la spana na gazeti la mwaka juzi la kufutia mikono. Hakutaka chai. Akalala chini ya gari kama mtu aliyerudi kwenye kitanda chake.

Amefungua lile bakuli – anaita sampu. Kilichokuwa ndani hakikujaa hata sufuria dogo. Akasema linatakiwa kuwa na lita nane, tisa. Gasketi imekauka kama ganda la mua. Akakata nyingine kwa mkasi wangu, karatasi ngumu ya jalada la faili la zahanati. (Nitaeleza nini wakija kukagua? Nitawaambia faili limeliwa na mchwa.)

Nikamwonyesha lile bonyeo. Nikasema hilo hapo, jiwe la Mwakitolyo, la tarehe mbili.

Akalipitishia kidole. Akalikwaruza kwa ukucha. "Hapa pana kutu, mama. Na juu ya kutu pana rangi. Mtu alipiga brashi baada ya kubonyea. Hili ni la miaka kumi, labda zaidi."

Nikamwambia atazame vizuri.

"Nimetazama. Na bonyeo halijatoboka. Hapa hapavuji."

Nikaenda jikoni. Nikavunja kuni ambazo hazikuhitaji kuvunjwa.

Jumatatu, 18 Juni

Nimeelewa. Afadhali nisingeelewa.

Jana Jumapili mzee hakushika spana, alikwenda kusali. Leo asubuhi akaosha tumbo lote la gari kwa mafuta ya taa mpaka likawa kavu. Akaniomba unga wa muhogo. Akaupuliza kote chini, kwenye sampu, kwenye viungo, kwenye mabomba, kila kitu kikawa cheupe. Akatia galoni ya mafuta. "Washa. Sogeza herufi moja moja, polepole. Usikanyage." Nikawasha. Yeye chini, na kioo changu cha kujitazamia mkononi. Tukangoja.

"Zima. Njoo uone."

Nikaingia naye chini. Unga wote mweupe, isipokuwa mahali pamoja, mbele, karibu na rejeta. Mstari mwekundu. Mafuta ya gia yanapanda kwa bomba mpaka kwenye rejeta kupoa, halafu yanarudi. Bomba moja lilikatika zamani. Limeungwa kwa kipande cha mpira, na mpira umefungwa kwa waya, mizunguko mitatu, ncha imekunjwa kwa ndani ili isikwaruze mtu.

Mzee Cornel akauangalia ule waya. Akasema kwa sauti ndogo, "Hii ni kazi ya Kamili. Sote tulifundishwa kufunga hivi pale mgodini."

Mpira umepasuka kwa uzee. Anasema haukupasuka wiki hii. Umekuwa ukitoa jasho miaka mingi, tone, tone, na aliyeufunga alijua, maana mtu alikuwa analiongezea kidogo kila mara lisipungue. Miaka hii miwili halikuongezwa, limekula akiba yake mpaka ikaisha.

Kila Jumamosi! Kila Jumamosi Kamili alikuwa anafungua boneti, anajifungia na gari lake, nikimwuliza anasema nalisalimia. Na lile galoni la stoo. Baada ya msiba nilisafisha stoo, nikakuta galoni la mafuta mekundu, nikalipeleka mashine ya kusaga wapake mikanda na bawaba. Zawadi! Nilijiona nimetenda wema.

Alinifundisha kuendesha. Alinifundisha kubadili gurudumu. Hili hakunifundisha. Kwa nini? Aliona aibu kwamba gari lake linavuja? Alitaka pawe na kitu kimoja ambacho ni chake tu? Miezi minne alilala na kifua, nikimgeuza, nikimwosha, nikimlisha kwa kijiko. Miezi minne ana mdomo na ulimi.

Nimemwambia yote haya leo, kwa sauti, hapa chumbani. Mtu akipita dirishani atasema mjane wa Kamili amepata wazimu.

Jumatano, 20 Juni

Mzee amekata bomba la shaba kutoka friji bovu la misheni, akalichomelea, akalifunga. Hakuna mpira tena. Watu wa mashine ya kusaga wamenirudishia kilichobaki kwenye galoni, nusu yake, nikayachukua kwa uso mkavu.

Amenisimamia nipime mwenyewe. Injini inawaka, imepata joto, gari mahali tambarare. Chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa. Mara nne. Ya nne akasema, "Sasa gari ni lako."

Nikaendesha mpaka njia panda ya Geita na kurudi. Linashika kama zamani. Nikatandika gazeti chini yake tangu saa tano mpaka saa kumi na mbili. Safi. Hata tone.

Nilidhani nitafurahi.

Mzee ameondoka na lori la mahindi. Kabla hajapanda akaniambia kuna mtu nimemwita muuaji kwa bonyeo la miaka kumi. Sijui nani kamwambia. Kharumwa ni ndogo.

Alhamisi, 21 Juni

Nimekwenda kwa Donatus kuomba radhi. Nilikwenda kwa miguu, gari nimeliacha, nisionekane najionyesha.

Alikuwa anakula. Hakuniambia karibu. Serafina ndiye aliyenipa kigoda.

Nikasema nilichokwenda kusema. Kwamba nilimtukana bure. Bonyeo ni la zamani, yeye hakugonga jiwe. Kilichovuja ni bomba, na aliyejua ni Kamili peke yake, na Kamili hakumwambia mtu.

Donatus akaendelea kutafuna. Akasema, "Nimesikia."

Serafina alikuwa anamimina maji ya kunawa. Akasimama na birika hewani. Akasema, "Lakini alimwambia huyu."

"Serafina."

"Nilikuwepo. Hospitali, wiki ile ya mwisho. Wewe Mama Euphrasia ulikuwa umekwenda kufua mashuka. Kamili akamwambia, mdogo wangu, mwambie mke wangu Bernadina aongeze mafuta mekundu kila Jumamosi, galoni liko stoo, na atafute bomba jipya. Alirudia mara mbili. Tangu mtoto wa Mabula afe hili limenilemea wiki mbili, siwezi tena."

"Funga mdomo wako!"

Hakufunga. Akaweka birika chini akatoka nje, tukabaki wawili. Nikamwuliza ni kweli. Hakunitazama. Akasema nikumbuke siku ya kumaliza tanga. Nikumbuke wazee waliposema anirithi nilisema nini.

Nakumbuka. Nilisema mimi ni Mkristo na si mbuzi, sirithiwi. Watu wakacheka. Sikuwaambia wacheke.

"Ulinifanya mtoto mbele ya ukoo wangu," akasema. "Nikasema basi, na ajue mwenyewe. Likifa atakuja kuniomba. Nilingoja uje uniombe, shemeji. Miaka miwili." Kisha akasema, polepole, "Sikujua lingekufa na watu ndani."

Na Jumamosi ile alipoliazima? Nikamwuliza hilo pia. Akasema ndiyo, aliliona linateleza kwenye vilima. Aliliona! Ndiyo sababu funguo akamtuma mkewe.

Nilikwenda kuomba radhi. Niliomba radhi. Imo mle ndani, kwenye nyumba ile, radhi yangu, na siwezi kwenda kuichukua.

Ijumaa, 22 Juni

Nimepeleka mama wa mapacha Geita. Tumefika kwa muda wa saa mbili kasoro. Wote watatu wazima. Gari halikutoa hata mlio.

Njia nzima nilikuwa nalia kwa hasira. Yule mama akadhani namwonea huruma yeye.

Jumamosi, 23 Juni

Wazee wa ukoo wameweka kikao cha suluhu kesho, baada ya misa, nyumbani kwangu. Mimi ndiye niliyetukana kanisani, kwa hiyo mimi ndiye ninayepika. Mabula ameitwa. Zipora ametoka hospitali, naye atakuja.

Donatus alipita jioni, akasimama nje ya uzio. Akaniambia wazee hawajui. Wanajua tu kwamba nilimsingizia na nimeshakiri. Akasema yaishie hapo, kwa heshima ya Kamili. Yeye ameshamwambia Serafina anyamaze. "Na wewe, shemeji, huna lako?" akaniuliza.

Nina langu. Doa. Jivu. Kidole changu. Hajui kuhusu doa, alikuwa anarusha jiwe gizani tu, lakini limepata.

Akasema kama nikitaka, gari libaki kwangu moja kwa moja, atalisema hilo mbele ya wote, hatalidai tena. Amenipa gari langu mwenyewe ili ninyamaze.

 Nikaendelea kuchambua mchele.

Jumapili, 24 Juni

Wamo uani. Nimeingia kuchukua sahani. Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati.

Wamekaa tangu saa sita. Mzee wa ukoo alifungua, akasema ulimi hauna mfupa. Nikaombwa niseme, nikasema nilimwita Donatus muuaji kwa sababu ya jiwe, na jiwe halikuwepo, naomba radhi kwa hilo. Wakapiga makofi matatu. Donatus akasimama, akasema amesamehe, na kuanzia leo gari ni la mjane wa kaka yake, ukoo ushuhudie. Wakapiga makofi tena. Watu wanamtazama kama mtu mwema.

Halafu Mabula. Kofia mkononi. Akasema yeye na mkewe hawamtafuti mtu. Gari ni chuma, chuma huchoka. Mungu amependa.

Mungu hakupenda chochote. Mungu hakupewa ujumbe afikishe.

Zipora amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Amejifunga kanga kifuani, imekaza, na bado imelowa mbele. Maziwa hayajui.  Wazee walipoanza kuinuka akauliza, si kwa hasira, kama mtu anayeuliza njia:

"Kwani gari lilikuwa na nini?"

Wote wakanitazama mimi. Serafina akatazama ardhi. Donatus alikuwa anatabasamu na tabasamu likabaki pale, peke yake. Nikafungua mdomo. Mzee akasema tuombe kwanza, chakula kinapoa, hayo ya mafundi baadaye. Akaniambia mama, lete sahani.

Wanaomba sasa. Nawasikia kupitia dirisha. Donatus anaitikia kwa sauti kuliko wote. Zipora haitikii.

Wakishakula pamoja, kesi itakuwa imekwisha. Ndiyo desturi, mkishakula halisemwi tena. Nikisema la Donatus lazima niseme na langu, na yeye Zipora ndiye aliyekuwa ananiuliza, Mayu, tunaondoka.

Sahani ziko hapa, kumi na nne, nimezifuta zote. Naziacha kabatini. Zipora ameuliza, natoka mikono mitupu.